Mtoto Aliyetumwa Dukani na Msingi wa Uaminifu katika Biashara

Anayehudhuria semina za wajasiriamali jijini Dar es Salaam haondoki bila kusikia kwamba uaminifu ni mtaji. Mkufunzi humweleza kwamba mfanyabiashara mwaminifu hupata wateja wa kudumu, hukopesheka benki, huaminiwa na wauzaji wa jumla wakampa mzigo kwa mali kauli, na kwa sababu hiyo hatimaye huvuna zaidi ya mjanja. Maneno hayo yana ukweli mwingi na sina nia ya kuyabeza. Ninachokipinga ni kuyafanya kuwa msingi wa maadili ya biashara, kwa sababu yanamfundisha mtu kuwa mwaminifu kwa kadiri anavyolipwa, ilhali biashara ya jiji kubwa imejaa mahali ambapo uaminifu haumwingizii mtu hata senti. Hapo ndipo maadili yanapohitajika zaidi, na hapo ndipo somo la semina linapoishia.

Immanuel Kant, mwanafalsafa aliyeishi na kufundisha katika mji wa Königsberg, aliliona tatizo hili mwaka 1785, na mfano alioutumia ungeweza kuandikwa Mbagala au Manzese. Alimtaja mwenye duka ambaye hampandishii bei mnunuzi asiyejua bei, ambaye ameweka bei moja kwa watu wote hata mtoto hununua kwake sawa na mtu mzima. Wateja wa duka hilo wanahudumiwa kwa uaminifu, na Kant analikubali hilo. Anachouliza ni kama tuna sababu ya kuamini kwamba mwenye duka anafanya hivyo kwa kuwa ni wajibu wake. Jibu lake ni kwamba hatuna, kwa maana palipo na biashara nyingi, bei moja kwa wote ni busara ya kawaida ya kutafuta faida. Tendo lake linalingana na wajibu, lakini halikutoka kwenye wajibu. Wasomaji wengi huiona tofauti hii kuwa ya kifalsafa mno. Mimi naiona kuwa ya kivitendo kabisa, kwa kuwa inatuambia mwenye duka atafanya nini siku ambayo faida itamwelekeza kwingine.

Tumtazame mtoto huyo katika mazingira yetu. Giza linaanza kuingia, na mtoto wa miaka saba anafika kwenye dirisha la nondo la duka la mtaani, ameishika noti ya shilingi elfu mbili iliyokunjwa mara nne. «Shikamoo Mangi. Mama kasema robo ya sukari na mafuta ya mia tano.» Mangi anachukua pakiti ya sukari kutoka kwenye zile alizozifunga tangu asubuhi, anachota mafuta kwa kipimo chake na kuyamimina kwenye kikopo ambacho mtoto amekuja nacho, kisha anarudisha chenji. Mtoto hakusoma mzani, hajui kama kipimo kilijaa, na chenji hataihesabu. Kwa macho ya soko, huyu ndiye mteja dhaifu kuliko wote. Hata hivyo, mara nyingi hapunjwi, kwa sababu nyuma yake kuna mama anayekaa nyumba ya tatu kutoka dukani, na pakiti ikionekana nyepesi, mama huyo ataifuata mwenyewe na mtaa mzima utasikia. Mtoto analindwa na macho ya mama yake.

Sasa tumwondoe mama. Tumweke mbele ya muuzaji huyohuyo msafiri aliyefika Kituo cha Mabasi cha Magufuli kule Mbezi, anayeondoka na basi la alfajiri kwenda Sumbawanga na ambaye hatarudi tena kwenye meza hiyo maishani mwake. Hatalalamika, kwa kuwa atakapogundua kwamba chaja aliyonunua haifanyi kazi atakuwa amekwisha kupita Morogoro. Hatawaambia wateja wengine, kwa kuwa hawajui. Kwa mfanyabiashara aliyefundishwa kwamba uaminifu ni mtaji, hapa hakuna mtaji wowote unaopotea. Sentensi ya semina haina neno la kumwambia.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Katika kijiji ambacho muuza chumvi anajulikana kwa jina la baba yake, sifa mbaya humtangulia mtu kila aendako, na kwa hiyo faida na wajibu huelekea upande mmoja kwa muda mrefu. Katika jiji la ukubwa huu, sehemu kubwa ya mauziano ni kati ya watu wasiojuana na ambao hawatakutana tena. Mchumi wa Marekani George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, alieleza mwaka 1970 kinacholipata soko ambalo mnunuzi hawezi kutofautisha bidhaa nzuri na mbovu. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani. Kwa kuwa bei ni ya wastani, mwenye bidhaa nzuri huona hailipi, hujiondoa, na soko hubaki na bidhaa mbovu. Miongoni mwa mifano yake alimtaja mama wa nyumbani wa India anayelazimika kuchambua mchele ili kuondoa mawe yaliyochanganywa makusudi, ya rangi na umbo kama la mchele wenyewe. Sidhani kuna mama wa Dar es Salaam anayehitaji kufafanuliwa mfano huo. Wala Akerlof hakuwa akihubiri maadili. Alikuwa akionyesha kwamba mahali penye udanganyifu mwingi, uaminifu unaweza kuwa njia ya kufilisika. Semina zetu zinapaswa kulikabili jambo hilo waziwazi.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya kupatana bei, maana Kant aliisifu bei moja na msomaji wa Kariakoo anaweza kudhani kwamba biashara yake yote imeshahukumiwa. Sioni kosa katika kupatana baina ya watu wawili wanaoijua kanuni. Muuzaji anapotaja elfu arobaini kwa viatu ambavyo ataviachia kwa elfu ishirini na tano, mnunuzi mzoefu haichukui kauli ile kuwa ni taarifa ya thamani ya viatu. Ni mwanzo wa mazungumzo. Kosa huanza pale muuzaji anapotambua, kwa lafudhi au kwa namna mtu alivyoshika begi lake, kwamba huyu ni mgeni kutoka mkoani asiyejua kwamba bei hupatanwa, akamwachia alipe elfu arobaini zote. Hapo mchezo unachezwa na mmoja, na mwenzake hajui kwamba kuna mchezo.

Lakini jambo zito zaidi kuliko bei ni kipimo, na ningependa kukaa hapo kidogo. Viazi na vitunguu vinavyoingia katika masoko ya Mabibo, Ilala au Temeke mara nyingi hununuliwa shambani kwa gunia. Mkulima hulipwa kwa gunia, na gunia lenyewe hujazwa kupita mdomo wake, likashonewa kamba juu ya rundo lililozidi. Ndiyo lumbesa, ambayo serikali imeipiga marufuku kwa miaka mingi, kwani taratibu za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mzigo ukifika sokoni, mama wa Tandale hauuziwi kwa gunia wala kwa kilo. Anauziwa kwa sado, yaani ndoo ndogo inayotumika kama kipimo, na kuna visado ambavyo kitako chake kimebonyezwa kwa moto kikaingia ndani, juu vimepangwa viazi vikubwa na chini viko vidogo vinavyoshikilia nafasi tupu. Kipimo kimoja kimeongezwa upande wa kununua, kingine kimepunguzwa upande wa kuuza, na sehemu ya faida ya mtu wa kati imekaa katika tofauti hiyo.

Waislamu wataitambua picha hii mara moja, kwa kuwa sura ya 83 ya Kurani inafunguliwa kwa onyo juu ya watu wa namna hiyo hasa: wanapojipimia kutoka kwa wengine hutaka kipimo kikamilike, na wanapowapimia wengine hupunguza. Wakristo wanayo Mithali 11:1, inayosema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Kant angefika palepale kwa njia ya akili: jiulize kama unaweza kutaka kanuni ya tendo lako iwe sheria kwa watu wote. Mwenye vipimo viwili hawezi. Anahitaji mkulima na mama wa Tandale waendelee kuamini kwamba gunia ni gunia na sado ni sado, kwani siku ambayo kila mtu atatumia vipimo viwili, hakuna atakayekubali gunia la mwenzake na ujanja wake hautakuwa na pa kusimama. Anaishi kwa imani ya watu ambayo yeye mwenyewe anaivunja. Dini na falsafa zinakubaliana hapa kwa sababu zinatazama kitu kilekile, yaani mtu kujipa haki ambayo hawapi wengine.

Mfanyabiashara atanijibu kwamba mimi naandika makala, naye analipa kodi ya fremu, alishatoa kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu hiyo, kabla hata hajafungua duka, ana wafanyakazi na ada za shule, na jirani yake anafanya yaleyale. Jibu hilo halipaswi kupuuzwa, na falsafa inayolipuuza haifai kufundishwa kwa watu wanaofanya biashara kweli. Chukua suala la risiti. Tangu mashine za kielektroniki za kutolea risiti, yaani EFD, zilipoanza kutumika nchini mwaka 2010, mnunuzi wa Kariakoo amezoea kuulizwa kama anataka bidhaa na risiti au bila risiti. Bidhaa ya shilingi 100,000 kabla ya kodi, ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inafika 118,000. Muuzaji anayetoa risiti kwa kila mteja anashindana na jirani anayeuza kitu hichohicho kwa 100,000 hatua kumi kutoka mlangoni kwake. Kila risiti anayoitoa inamfundisha mteja kwenda kwa jirani. Wafanyabiashara walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, baadhi walikuwa wakilalamikia usumbufu na baadhi bila shaka walikuwa wakitetea ukwepaji. Lakini ndani ya malalamiko hayo kulikuwa na hoja ya haki ambayo haikusikika vya kutosha, kwamba mzigo wa utii haukugawanywa sawa.

Wanafalsafa wana kanuni ya zamani kwamba mtu hawezi kuwajibika kwa asichoweza kukitenda. Siamini kwamba kanuni hiyo inamwondolea mwenye duka wajibu wa kutodanganya. Mzani wake anaweza kuunyoosha leo, jirani afanye afanyavyo. Inachofanya ni kuwatwisha wajibu wa pili yeye na wenzake: wajibu wa kujenga soko ambalo mwaminifu hahitaji kuwa shujaa ili aendelee kuishi. Jumuiya ya wafanyabiashara inayojitokeza pale tu kodi inapopanda, na ambayo haijawahi kumwambia mwanachama wake kwamba visado vilivyobonyezwa haviruhusiwi katika soko hili, haijaanza kazi yake ya kimaadili.

Wapo watakaosema kwamba kazi hiyo ni ya serikali, na kwamba sheria kali ingemaliza yote. Historia ya mafuta ya taa inapaswa kutupa tahadhari. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli na petroli, kwa sababu iliyoeleweka: yalikuwa nishati ya watu wa kipato cha chini, waliowasha vibatari na kupikia majiko ya utambi. Wafanyabiashara wa mafuta wasio waaminifu waliiona tofauti ile ya kodi kuwa faida, wakawa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli. Uchakachuaji ukaenea, injini za daladala na malori zikaharibika, na mapato ya serikali yakapotea. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta ili uchanganyaji ugundulike. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya 2011/12, serikali ilichukua hatua nyingine: ilipandisha kwa kiasi kikubwa ushuru wa mafuta ya taa, ili bei yake ikaribiane na ya dizeli na uchakachuaji usiwe na faida.

Kwa nadharia ya manufaa, ile iliyojengwa na Jeremy Bentham mwaka 1789 na kuendelezwa na John Stuart Mill katika karne ya 19, tendo jema ni lile linaloleta manufaa makubwa kwa watu wengi kadiri inavyowezekana. Mtu anaweza kuipigia hesabu hatua ile na kuikubali: magari mengi yamenusurika, mapato yameongezeka, hila imekufa. Lakini tumwulize aliyelipa. Bibi wa Kisarawe aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kwa chupa ndogo hakuwahi kuchakachua hata lita moja, na ndiye aliyepandishiwa bei ili watu wenye malori na matangi wasipate kishawishi. Mwanafalsafa wa Marekani John Rawls, aliyeandika mwaka 1971, alisema tujiulize ni kanuni gani tungezikubali kama tusingejua tutazaliwa katika nafasi gani. Nani, akiwa hajui kama atakuwa mmiliki wa kituo cha mafuta au mwenye kibatari, angekubali kanuni inayomtoza mwenye kibatari gharama ya udanganyifu wa mwenye kituo? Siilaumu serikali kwa wepesi. Ilibanwa, na njia nyingine zilikuwa ngumu. Ninachosema ni kwamba udanganyifu katika biashara una tabia ya kuhamisha gharama, na sheria inayokuja kuukomesha nayo huihamisha gharama hiyo, mara nyingi hadi kwa mtu ambaye hakuwamo kabisa.

Nadharia ya manufaa ina udhaifu mwingine ambao makampuni makubwa yanaufahamu. Miaka ya 1970 kampuni ya Ford ya Marekani iliwasilisha kwa mamlaka ya usalama barabarani hesabu ya kupinga kanuni mpya kuhusu matangi ya mafuta. Marekebisho yangegharimu dola 11 kwa gari, jumla dola milioni 137; vifo 180, majeruhi 180 na magari yaliyoungua vilithaminiwa jumla dola milioni 49.5, kila uhai ukihesabiwa kwa dola 200,000. Haki inataka tuongeze kwamba thamani hiyo ya uhai ilitokana na makadirio ya mamlaka yenyewe, wala haikubuniwa na kampuni. Hata hivyo, ukishakubali kuziweka gharama zote katika safu moja, mwenye kalamu ndiye anayeamua nani ahesabiwe na kwa bei gani. Familia zilizoungua hazikuwa na kalamu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi hapa mjini lilianguka na kuua watu 36, na Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo. Sitoi hukumu juu ya jengo lolote. Nauliza tu: mpangaji wa fremu, au mtoto anayecheza chini ya ukuta, ataikaguaje nondo iliyokwisha kufunikwa na zege?

Watetezi wa faida humtaja mchumi wa Marekani Milton Friedman, ambaye katika makala yake ya tarehe 13 Septemba 1970 katika gazeti la New York Times alidai kwamba wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida. Wanaomnukuu hivyo huishia katikati ya hoja. Friedman aliweka masharti: meneja afuate kanuni za msingi za jamii, zile zilizo katika sheria na zile zilizo katika desturi za maadili, na ushindani uwe huru, usio na hadaa wala ulaghai. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam ambaye angelitimiza sharti hilo moja tu, la kutohadaa, angekuwa mwadilifu kuliko makampuni mengi yanayogawa madawati na kupiga picha. Sikubaliani na Friedman katika mengi, na naona Edward Freeman, msomi wa Marekani aliyeitetea mwaka 1984 hoja ya kwamba kampuni inawajibika kwa wadau wote wanaoguswa na shughuli zake, yuko karibu zaidi na ukweli. Lakini hata mtetezi mashuhuri wa faida hakuwahi kuuhalalisha udanganyifu.

Sisi wenyewe tuna historia inayoeleza kwa nini mjadala huu ni mchanga kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa na maadili makali kwa viongozi, na ahadi za mwanachama wa TANU, chama tawala cha wakati ule, zilisema kwamba cheo ni dhamana. Kwa mfanyabiashara halikuwa na fundisho kama hilo, kwa kuwa biashara ya mtu binafsi yenyewe ilitiliwa shaka kuwa ni unyonyaji. Vita dhidi ya uhujumu uchumi ya mwaka 1983 ilimwona mwenye bidhaa ghalani kwanza kama mtuhumiwa. Ilipofika zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985, milango ikafunguliwa na watu wakaambiwa ruksa. Tulitoka kwenye shaka ya jumla tukaingia kwenye ruhusa ya jumla, bila kupita mahali ambapo tungejiuliza mfanyabiashara mwema ni mtu wa namna gani. Nalisema hili kwa masikitiko, kwa kuwa pengo lile ndilo ambalo leo linajazwa na wakopeshaji wa simu.

Mikopo hiyo ya mtandaoni inaonyesha upungufu wa hoja ya hiari, yaani ile ya kusema kwamba watu wazima wawili wamekubaliana na mengine hayatuhusu. Mama muuza vitumbua anapakua programu, anabonyeza kukubali masharti asiyoyasoma, na programu inapata ruhusa ya kuyaona majina yote yaliyo kwenye simu yake. Akichelewa siku chache kurejesha shilingi elfu hamsini, ujumbe unatumwa kwa mjomba wake, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mwenye nyumba, ukimwita tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawapa watu pa kulalamikia. Hatua hizo ni nzuri. Kwa upande wa maadili, aliyetendewa vibaya zaidi ni mjomba, ambaye hakukopa, hakubonyeza chochote, na ambaye namba yake imegeuzwa kuwa kifaa cha kudai. Kant alisema kwamba utu, ndani yako na ndani ya mwenzako, usiufanye kamwe kuwa chombo tu cha kufikia lengo lako. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa mtu aliyefanywa chombo.

Nimeacha kwa makusudi nadharia ya tatu, ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa sababu ndiyo inayonipa matumaini na pia hofu. Aristotle hakuanza na kanuni wala na hesabu ya manufaa. Alianza na tabia. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda mara kwa mara matendo ya uadilifu, kama vile hujifunza kazi ya mikono kwa kuifanya. Kwa hiyo swali la maadili ya biashara ni swali la nini kinatendwa kila siku na kijana anayejifunza kazi. Madukani kwetu kijana huyo ametoka mkoani, analala stoo, anafungua duka alfajiri na kulifunga saa nne usiku, na anamwita mwajiri wake tajiri.

Moja ya kazi zake za kwanza ni kufunga sukari. Anapewa mfuko wa kilo 50, mzani, na vifuko vya nailoni. Tajiri amepiga hesabu yake: kilo 50 ni robo 200, na fedha za robo 200 ndizo anazozitarajia jioni ya siku mfuko utakapokwisha. Kisicholingana na hesabu hiyo kinaitwa shoti, na shoti hukatwa kwenye mshahara wa kijana. Lakini sukari humwagika mezani, nyingine hubaki kwenye mshono wa mfuko, na mkono ukitoa kwa haki huzidisha punje kidogo kuliko kupunguza. Tuseme kilo moja inapotea kwa njia hizo. Kijana ana kilo 49 na anadaiwa pakiti 200. Akipima gramu 250 kamili, atapata pakiti 196 na atakatwa fedha za pakiti nne. Akipima gramu 245, hesabu inatimia.

Gramu tano hazionekani. Mtoto aliyetumwa hatazihisi mkononi, mama hatazigundua kwenye chai, na kwa kipimo cha nadharia ya manufaa hasara ya kila mteja ni ndogo mno kuweza kulinganishwa na mshahara wa kijana. Tajiri hajawahi kumwambia aibe, na ukimhoji ataapa kwa dhati kwamba dukani kwake hakuna wizi. Hata hivyo hesabu yake ilikuwa na wizi ndani kabla mfuko haujafunguliwa, na mkono wa kijana, kwa kurudia tendo lile mara mia mbili kwa kila mfuko, unajifunza uzito wa gramu 245 hadi unakuwa hauhitaji mzani. Miaka mitano baadaye atafungua duka lake mwenyewe, na mkono huo ndio atakaokwenda nao.

Sheria ya Vipimo haiwezi kuingia katika kila stoo, na Wakala wa Vipimo hana wakaguzi wa kutosha kusimama nyuma ya kila kijana. Mwenye uwezo wa kulibadilisha jambo hili ni tajiri, na kinachotakiwa kwake ni kidogo: akubali kwamba mfuko wa kilo 50 hutoa pakiti 196, aibebe kilo ile iliyomwagika katika bei anayoitangaza wazi kwa kila mteja, na aache kuikata kwenye mshahara wa kijana.